Fungu la Askari wa Mto

Annonciata alikuwa amepiga pasi sare yake mara mbili tangu alfajiri, na Jumatatu ilikuwa bado siku tatu mbele. Suruali ya buluu, blauzi ya buluu, viatu vyeupe vya mtumba alivyovisugua kwa dawa ya meno mpaka vikang'aa. Aliitundika sare nyuma ya mlango wa chumba, akarudi jikoni kukoroga uji. Mwanawe Dady, wa miaka kumi na minne, alikuwa ameshaondoka na basi la shule bila kula. Aliulizwa kwa Kiswahili kama ana njaa, akajibu kwa Kiingereza kwamba yuko sawa, akapita.

Mumewe, Wilondja, alikuwa sakafuni sebuleni, miguu yake mirefu imenyooka hadi chini ya meza, akifunga kipande cha mwisho cha risasi ya kuzamishia kwenye ukingo wa kimia. Wavu huo wa kurusha aliufuma mwenyewe. Tangu Novemba, bohari alikofanya kazi ilikuwa imempunguza kutoka siku tano za wiki hadi siku mbili. Wenzake waliopunguzwa pamoja naye walilala au walitazama televisheni. Yeye alinunua nyuzi za nailoni, akachonga kijiti cha kufumia, akaketi chini akafuma kama alivyofundishwa na baba yake kule Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, kabla vita havijawasukuma hadi kambini Kigoma na kambi haijawaleta Fort Worth. Wapi angekirusha hicho kimia, hakuna aliyemuuliza. Mkewe aliona afadhali mikono yake iwe na kazi.

Siku mbili za bohari hazilipi nyumba ya vyumba viwili Texas. Mfuko wa mchele uliokuwa dola kumi na mbili mwaka wa kabla sasa ulikuwa dola ishirini, na pakiti ya dagaa katika duka la Waafrika, ya kushikwa kwa vidole viwili, ilikuwa bei ya kuku mzima. Lakini Jumatatu ilikuwa inakuja. Annonciata, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi Baraka kwa miaka minane, alikuwa amemaliza kozi ya wiki sita ya kuhudumia wazee, akafaulu mtihani, na nyumba moja ya wazee upande wa magharibi wa mji ilikuwa imemwambia aje saa moja asubuhi, siku tano kwa wiki, saa zote nane.

Aliyemtafutia nafasi hiyo ni Lydiah, nesi Mkenya wa Lewisville aliyefundisha kozi. Lydiah hakuwa mtu wa kuzunguka na maneno. Siku ya mwisho ya darasa aliwasimamisha wanawake kumi na mmoja mbele yake akawaambia: "Wanakagua jina lako polisi. Wamekagua mara moja, na watakagua tena asubuhi ya kwanza kabla ya kukupa beji. Tiketi ya kupaki gari vibaya, hiyo si kitu. Lakini kuiba, kuhonga, kughushi, ukiwa na moja ya hayo kwa jina lako, hakuna nyumba ya wazee itakuacha uguse hata shuka. Na usinipigie simu kulia, kwa sababu sitashika."

Mlango uligongwa. Alikuwa Nderitu, jirani wa chini, Mkenya wa Nyeri, aliyefanya kazi ya kusukuma vitanda hospitalini na ndiyo kwanza alikuwa akirudi kutoka zamu. Alikuwa na gazeti kwapani.

"Mama Dady, bado mko hapa? Lori linafika saa nne!"

"Lori la nini hasa? Jana ulisema samaki, nikadhani ni usingizi unaongea."

"Samaki, ndiyo! Trauti. Kila winter wanakuja kumwaga pale kwa bustani ya mto. Maelfu. Ni free, mtu yeyote. Kwetu Nyeri babu yangu alicharazwa viboko na mzungu juu ya huyo samaki, mmoja tu. Hapa wanamwaga kama maji ya kuosha vyombo."

Wilondja aliinua macho kutoka kwenye kimia. "Wanamwaga mtoni? Wakiwa hai?"

"Hai, wakiruka."

"Na watu wanawachukua?"

"Sasa wataenda kufanya nini huko, brathe? Kuwasalimia?"

Nderitu alicheka, akapiga miayo, akawaachia gazeti mezani na kuteremka kwenda kulala. Yeye mwenyewe hakuwahi kufika kwenye bustani hiyo. Alikuwa amesoma kichwa cha habari na mistari miwili ya juu.

Annonciata alilitazama gazeti, kisha akazima jiko. Samaki wa bure, wa wiki nzima, na pengine wa kukausha pia. Safari hii hangekausha barazani. Meneja wa nyumba alishawabandikia barua mlangoni mara mbili kuhusu harufu.

"Vaa koti," alimwambia mumewe. "Na ubebe ndoo zote mbili."

*

Bustani ilikuwa na baridi kavu ya Januari na jua lisilopasha kitu. Wilondja aliegesha gari lao la zamani mwisho wa eneo la kuegeshea, wakashuka na ndoo na kimia kilichofunikwa kwa taulo. Ukingoni mwa mto watu kama ishirini walikuwa wameketi kwenye viti vya kukunja, kila mmoja na fimbo yake na uzi, na vikombe vya kahawa, kimya kama walio kanisani.

Lori lilikuwa limeshafika. Lilikuwa na matangi makubwa mgongoni na bomba nene jeusi lililoshuka hadi majini, na ndani ya bomba hilo, pamoja na maji, walikuwa wakitoka samaki.

Wilondja alisimama. Alikuwa amevua tangu akiwa na miaka saba. Alikuwa amewafuata samaki usiku kwa taa za karabai, amewafuata kwa dhoruba, amewapoteza ndugu wawili waliowafuata na wasirudi. Hakuwahi kuona samaki wanaletwa kwa lori.

"Mama Dady," alisema taratibu. "Wanatoka kwenye gari."

"Naona."

"Wanawatoa kwenye gari, wanawaingiza mtoni."

"Naona, Baba Dady. Funga mdomo, watu wanatuangalia."

Lakini naye alisogea karibu. Samaki walikuwa wa fedha, urefu wa kiganja na nusu, wenye madoa madogo meusi na mstari wa waridi ubavuni. Walitoka wamepigwa na bumbuazi, wakazunguka papo hapo chini ya bomba, mamia kwa mamia, bila kujua waende wapi. Kijana aliyeshika bomba alimwona akitazama, akamtolea salamu. Annonciata, ambaye alifanya mazoezi ya Kiingereza kila alipopata mtu, alimuuliza samaki hawa watakua wafike ukubwa gani.

"Hawatakua, madam," kijana alijibu. "Hawa ni samaki wa maji baridi. Maji yakipata joto, mwezi wa tano hivi, wanakufa."

"Wanakufa wangapi?"

"Wote."

"Sasa mnawaleta kufanya nini?"

Kijana alicheka kwa wema. "Watu wajifurahishe."

"Anasema nini?" Wilondja aliuliza. Miaka miwili Amerika, na Kiingereza chake kilikuwa hakijavuka maneno ya bohari: inua, shusha, haraka, mapumziko.

Alimtafsiria. Wilondja alimtazama mkewe kana kwamba yeye ndiye aliyeyasema.

"Mwambie arudie."

"Amesema vizuri tu. Watakufa wote. Wamewaletea watu wacheze nao."

Hapo hapo, hatua kumi kutoka walipokuwa, mzee mmoja wa kofia nyekundu aliinuka kwenye kiti chake, fimbo imepinda. Alivuta, akatoa trauti akipigapiga hewani, akamshika vizuri kwa mkono uliolowa, akachomoa ndoano mdomoni mwake kwa uangalifu wa daktari wa meno. Kisha akainama akamrudisha majini.

"Kamponyoka," Wilondja alisema kwa huruma.

"Hakuponyoka. Kamwachia."

"Mgonjwa?"

"Mzima kabisa."

Mzee aliketi, akatia chambo kipya, akarusha tena. Wilondja alitazama ndoo ya mzee, tupu. Akatazama watu ishirini wameketi na nyuzi ishirini, na samaki elfu moja wamejazana chini ya pua zao. Usoni mwake palikuja kitu ambacho Annonciata alikuwa hajakiona tangu Novemba. Ilikuwa huruma ya fundi kwa watu wasiojua kazi.

"Maskini," alisema. "Hakuna aliyewafundisha."

Akaondoa taulo, akakunja suruali, akaingia majini hadi magotini bila kuvua viatu. Alikipanga kimia mkononi na begani, akabana ukingo mmoja kwa meno, akazungusha kiuno. Kimia kilifunguka hewani duara kamili, pana kama sebule yao, kikashuka juu ya maji bila kelele. Annonciata alisahau baridi. Alikuwa ameolewa kwa sababu ya mrusho ule.

Alipovuta, walikuwa ishirini na watatu. Mrusho wa pili ulileta kumi na tisa.

Ukingo wote ulikuwa kimya. Kijana wa lori alikuwa amefungua mdomo. Mtu mmoja alisimama na kahawa ikamwagika. Wilondja alitoka majini akitabasamu, akitikisa kichwa kidogo kwa heshima kwa upande wa watazamaji, kwa maana kwao ukimya wa namna hiyo ulikuwa sifa.

"Gawa," alimwambia mkewe.

Hakuwa na haja ya kuambiwa. Kule Baraka mtumbwi ukigusa mchanga, aliyesimama pale ufukweni hupata kitoweo, awe jirani au mpita njia, hata kama jana mlitukanana. Ukiondoka na ndoo imejaa na mtu amesimama mikono mitupu, watu watakukumbuka kwa hilo mpaka siku ya mazishi yako. Annonciata alijaza mfuko wa plastiki akaanza na mzee wa kofia nyekundu, kwa kuwa ndiye mkubwa kwa umri.

"Huwezi kufanya hivi, madam," mzee alisema akiinua viganja vyake.

Annonciata alijua kukataa kwa adabu ni nini. Mtu mwenye malezi hapokei mara ya kwanza. "Tafadhali," alisema, akaweka trauti wawili ndani ya ndoo yake. "Wewe ni baba."

Mwanamke mwenye kimbwa kidogo alirudi nyuma kana kwamba amepewa nyoka. Vijana wawili Wamexico walipokea wanne, wakasema gracias mara tatu wakiwa tayari wanatembea, wakakunja viti vyao na kuondoka upesi sana. Annonciata alidhani wamechelewa kazini. Nyuma yake, yule aliyemwaga kahawa alikuwa akizungumza kwenye simu.

*

Askari alifika kabla hawajamaliza kuwatoa matumbo samaki kumi. Alikuwa kijana mrefu, sare ya kaki, kofia pana, bastola kiunoni, na beji kifuani. Aliteremka kwenye gari lake la kijani na kutembea kuelekea kwao bila haraka.

Annonciata alimwona akashusha pumzi. Alikuwa ameanza kujiuliza atakuja saa ngapi. Kila ufukwe una afisa wake. Baraka palikuwa na afisa wa samaki, bwana mmoja mnene mwenye daftari, na kabla hajaandika neno lolote mvuvi alimtolea fungu lake: samaki mkubwa kuliko wote, aliyesafishwa, mbele ya macho ya watu. Ukimpa mdogo umemtukana. Ukingoja aombe umemtukana zaidi. Hiyo haikuwa hongo. Hongo inapitishwa chini ya meza na mtu anayetazama pembeni. Hili lilikuwa fungu, na mke wa mvuvi ndiye aliyelitoa. Miaka minane, kila akitoka shuleni, Annonciata alilitoa yeye.

Alichagua trauti mkubwa kuliko wote. Alimsuuza, akamlaza juu ya mfuko safi wa plastiki, akamkunja mkia usining'inie. Kisha akamwendea askari, akapiga goti kidogo, akamnyooshea kwa mikono miwili, akimwita chef kama wakubwa walivyoitwa kule Baraka.

"Habari ya asubuhi, chef. Hii ni yako."

Askari alimtazama samaki. "Ya nini?"

"Ya kwako. Ya kazi yako." Aliona hajaeleweka, akatafuta Kiingereza kizuri zaidi. "Ili mimi na wewe na mume wangu tuachane vizuri."

Kijana alirudi nyuma hatua moja. Uso wake uliiva, kuanzia shingoni kwenda juu. Hakuonekana mtu aliyekasirika. Alionekana mtu aliyeguswa mahali pasipoguswa.

"Madam," alisema, "weka hicho kitu chini. Kiweke chini sasa hivi. Na mikono yenu niione."

Aliweka samaki chini. Askari alizungumza kwenye redio ya begani. Baada ya dakika kumi lilikuja gari jingine, na ndani yake mkubwa wake, mwenye masharubu ya kijivu. Wawili hao waliwamwaga samaki wote kwenye nyasi, wakawapanga safu, wakawapiga picha. Wakakipiga picha kimia. Wakampiga picha yule samaki mmoja wa juu ya mfuko wa plastiki, peke yake, mara tatu.

"Wanafanya nini?" Wilondja aliuliza. Suruali yake ilikuwa imeanza kukakamaa kwa baridi.

"Ngoja."

Mwenye masharubu alizungumza taratibu, kama mtu aliyezoea wageni. Samaki huyu anavuliwa kwa fimbo na uzi tu. Watano kwa mtu mmoja kwa siku. Na leseni. Je, mume wako ana leseni? Annonciata alitafsiri moja baada ya jingine.

"Leseni," Wilondja alisema. "Ya kuvua samaki waliokwisha hukumiwa kufa?"

"Anasema hana," alimwambia askari.

"Hayo," mwenye masharubu alisema, "ni faini. Watu wa kila nchi wananifanyia hayo, sishangai. Kimia tunakichukua." Kisha akaelekeza kidole kwa samaki wa kwenye mfuko. "Hilo ni jambo jingine. Kumpa afisa aliye kazini kitu ili awaache mwende zenu, hapa Texas ni kosa la jinai. Hilo si faini, madam. Hilo ni jela."

Annonciata alisikia kila neno. Kiingereza chake hakikumwangusha hata kidogo, na hilo lilimshangaza: kwamba mtu anaweza kuelewa sentensi nzima, na vitenzi vyake, na bado asiweze kuinua ulimi. Alimwona Lydiah amesimama mbele ya wanawake kumi na mmoja, akihesabu kwa vidole. Kuiba. Kuhonga.

"Hapana," alisema. "Chef, hapana. Kwetu, mtu akivua, afisa anapata fungu lake. Ni heshima. Angalia, nimempa yule mzee. Nimempa mama mwenye mbwa."

"Mama mwenye mbwa hawezi kukukamata," mwenye masharubu alisema.

"Sikutaka kitu kutoka kwake."

"Ulisema muachane vizuri," kijana alisema. Alikuwa ameshaandika maneno hayo kwenye daftari lake, na alimgeuzia ayaone. "Hayo ndiyo maneno yako?"

Yalikuwa maneno yake. Yameandikwa kwa herufi safi, bila kosa.

"Nasikia habari za kwetu-kwetu kila wiki," mwenye masharubu alisema, na hakuwa mkali. "Huenda ni kweli. Utamwambia jaji. Ninachotaka kujua ni hili tu, maana ni lazima niandike jina moja. Nani mwenye wazo hili? Wewe? Au mume wako alikutuma?" Alimtazama Wilondja, aliyekuwa amesimama anatetemeka na maji yanamchuruzika viatuni. "Muulize. Nataka kusikia kutoka kwake."

Annonciata alimgeukia mumewe.

"Wanataka nini?" Wilondja aliuliza. "Huyu samaki hakumtosha? Mwongezee."

"Nyamaza. Usimguse samaki yeyote. Wanasema nimewahonga."

"Nani? Wewe?" Alicheka, kisha akauona uso wake akaacha. "Kwa samaki mmoja?"

"Ni jela, Baba Dady. Wanataka jina moja. Wanauliza kama ni mimi mwenyewe au ni wewe uliyenituma."

Upepo ulipeperusha ncha ya mfuko wa plastiki. Wilondja alitazama kimia, kilichokuwa sasa kimekunjwa ovyo ndani ya sanduku la askari, nyuzi zimechanganyikana.

"Wakiandika jina lako, Jumatatu inakuwaje?"

"Hakuna Jumatatu."

"Na Jumatatu nyingine?"

"Hakuna hata moja. Lydiah alisema. Hakuna nyumba itakayonichukua."

Alitikisa kichwa taratibu, kama anapima uzito wa mzigo kabla ya kuuinua. "Mimi nina siku mbili," alisema. "Siku mbili kwa wiki. Wakinifunga wiki nzima, nimekosa siku mbili. Wewe utakosa tano. Mwambie ni mimi."

"Utafukuzwa kabisa bohari."

"Kwa siku mbili? Wamekwisha nifukuza, wanaona haya tu kusema. Mwambie."

"Ni uongo."

"Uongo uko wapi? Kimia changu, samaki wangu. Ungempa fungu la samaki wa nani? Mwambie, mke wangu. Nasikia baridi."

"Anasema nini?" mwenye masharubu aliuliza.

Hakuna mtu mwingine kwenye ukingo ule aliyejua walichosema. Annonciata alilitambua hilo wazi, kama mtu anayeona ghafla kwamba mlango haukuwa umefungwa. Angeweza kusema lolote. Angeweza kusema, anasema hapana, ni mimi, hakuna aliyenituma, na Wilondja angetabasamu akidhani mambo yamekwenda kama alivyopanga. Annonciata alikuwa mtu wa kusema mambo kama yalivyo. Watoto wa shule ya Baraka walimwogopa kwa hilo. Akawaza kodi ya nyumba. Akamwaza Dady, anayetoka asubuhi bila kula na kusema yuko sawa. Akawaza sare nyuma ya mlango.

Alifungua mdomo, na Kiingereza kilichotoka kilikuwa kile cha darasani, cha kumwambia mzee unataka kumgeuza upande wa kushoto. Kilikuwa cha pole na kilichonyooka.

"Anasema ndiyo. Yeye ndiye aliyenituma."

Mwenye masharubu alipumua, akapiga mstari chini ya kitu katika daftari. "Asante kwa kusema ukweli, madam," alisema. "Si wengi wanaoweza."

Kijana alichukua pingu kiunoni. Wilondja alinyoosha mikono kabla hajaombwa. Alikuwa ameona jambo hili likifanywa kwa wengine, kambini. Lakini kijana alimgeuza, akamfunga kwa nyuma. Mzee wa kofia nyekundu alikuwa bado kitini. Sasa alisimama, akawapa mgongo, akatazama mto.

"Mama Dady," Wilondja alisema juu ya bega lake. "Waambie mikono ina magamba. Itawachafulia gari."

Alimwambia kijana. Neno kwa neno, hilo alilitafsiri. Kijana alisita, akasema kitu ambacho hakikusikika, akaenda garini akarudi na taulo kuukuu, akaitandika kwenye kiti cha nyuma. Kisha akamwinamisha Wilondja kichwa kwa kiganja, asijigonge, akamwingiza. Miguu haikuenea. Ilibidi akae upande.

Mwenye masharubu aliwakusanya samaki waliokuwa kwenye nyasi, waliotolewa matumbo na wasiotolewa, akawatia kwenye mfuko mweusi wa taka. Annonciata alidhani ni ushahidi. Alimfuata kwa macho mpaka alipofika kwenye pipa la taka la bustani, lenye mchoro wa mtoto anayetupa karatasi, akausukuma mfuko ndani kwa mikono miwili, kwa sababu ulikuwa mzito.

"Hawa si wa kula?" aliuliza. Sauti ilitoka ndogo.

"Wamevuliwa kinyume cha sheria," askari alisema. "Hakuna anayeruhusiwa kuwala." Alimpa karatasi ya manjano yenye namba ya simu ya jela na namba ya kesi, akamwonyesha kwa kidole wapi pa kupiga na saa ngapi. Alikuwa mvumilivu. Alimuuliza kama ameelewa, akasema ameelewa. "Unaweza kuendesha gari mpaka nyumbani?"

Alikuwa na kibali cha kujifunza tu. Alikuwa ameendesha mara tatu, Jumapili, katika eneo la kuegeshea la kanisa, Wilondja kando yake akishika breki ya mkono.

"Ndiyo," alisema.

Uongo huu haukumchukua muda.

Alibeba ndoo mbili tupu hadi garini akaziweka nyuma, akafunga mlango wake, akashika usukani. Kiti cha dereva kilikuwa kimesukumwa nyuma hadi mwisho. Akanyoosha miguu, viatu havikufika. Akapeleka mkono chini ya kiti akatafuta chuma, akavuta, kiti kikasogea jino moja na kulia kwa nguvu. Akavuta tena. Na tena. Kwenye kioo aliwaona askari wawili wamesimama kando ya magari yao wakingoja aondoke kwanza, kwa adabu. Kiti kilipomfikisha kwenye pedali, akawasha gari.